Bitana ya Jicho: Rangi Inapochuja, Chujio Linapoziba

Mjomba wangu wa Ujiji amevua dagaa kwa karabai zaidi ya miaka thelathini, na siku hizi ukikaa kushoto kwake barazani hajui kama upo mpaka ukohoe. Nilipomwambia twende tukapime presha ya macho, alicheka.

"Hiyo ni ya wenye macho ya paka," akasema. "Sisi macho yetu yameshiba rangi, hayaharibiki hovyo."

Jirani yake, mzee mstaafu wa reli, akaweka kikombe cha kahawa chini. "Wapi! Rangi hiyohiyo ndiyo inayoziba. Jicho jeusi lina masizi mengi, kama chemni isiyofutwa."

Waliendelea hivyo mpaka birika likaisha. Mimi nilibaki najiuliza nianze kumjibu nani, maana kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli, ila amekishika upande wa makali.

Kwanza hilo jina. Glakoma tumeiita presha ya macho, na jina hilo limewaponza wengi, wakadhani ni tawi la presha ya damu na kwamba anayemeza vidonge vya presha keshajikinga na hii nayo. Ni vitu viwili tofauti. Jicho lina majimaji yake ya ndani, maangavu, yanayotengenezwa nyuma ya lile duara la rangi. Yanapenya kwenye tundu la katikati, yanajaza chumba cha mbele, kisha yanatokea pembeni, pale kioo cha mbele ya jicho, yaani kornea, kinapokutana na duara la rangi. Kwenye pembe hiyo pana chujio la nyuzi laini, na nyuma ya chujio pana mfereji unaoyarudisha majimaji kwenye damu. Kinachopita ni kidogo sana, mikrolita 2 hadi 3 kwa dakika, lakini hakikomi maisha yote. Njia ya kutokea ikibana wakati kisima kinaendelea kububujika, presha inapanda. Kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Kinachokufa hapo ni mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Una nyuzi zipatazo milioni 1, na uzi uliokufa hauoti tena. Zinakufa bila maumivu, na mara nyingi kinachoanza kupotea ni pembeni mwa unachokiona, huku katikati pakibaki safi. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma namba za simu vizuri tu huku jicho moja limeshakwisha robo tatu. Mjomba alikuwa anaona nyavu zake vizuri. Alichokuwa anakosa ni watu wa kushoto, na hao aliwalaumu kwa kukaa kimya.

Turudi kwenye rangi. Lile duara wataalamu huliita airisi. Mboni hasa ni tundu jeusi la katikati, ingawa barazani vyote tunaviita mboni na hakuna anayepotea. Airisi ichukulie kama koti lililoshonwa na bitana. Kitambaa cha nje ndicho kinachoonekana: cha kahawia nzito kwa wengi wetu, cha kijani au cha samawati kwa wengine. Ndani ya bitana hakuna anayechungulia, isipokuwa daktari mwenye taa yake.

Kitambaa cha nje cha Mswidi na cha Muha kina seli za kutengeneza rangi zinazokaribiana kwa idadi. Tofauti ni kiasi na aina ya melanini ambayo seli hizo zimeweka akiba. Macho ya samawati hayana rangi ya samawati ndani yake hata chembe. Ni mchezo wa mwanga tu. Simama juu ya kilima Kigoma mjini uangalie ziwa: ni la buluu mpaka Kongo. Shuka ukayachote maji kwenye kikombe, buluu hiyo huioni.

Bitana ni habari nyingine. Huko nyuma ya airisi kuna tabaka jeusi kama lami, na tabaka hilo ni jeusi kwa wanadamu karibu wote, wa macho ya paka na wa macho ya kunguru. Wanaotofautiana ni watu wenye ualbino, ambao hata bitana yao ina rangi kidogo au haina kabisa, ndiyo maana jua huwaingia kutoka kila upande. Hapa mkoani, shule ya Kabanga kule Kasulu ilipokea watoto wengi wenye ualbino waliokimbia kuuawa, na ukikaa nao utaona macho yanavyocheza na wanavyosogeza daftari puani. Hiyo si glakoma. Sehemu ya katikati ya nyuma ya jicho, inayotupa uoni mkali, haikukomaa, na nyuzi za mshipa wa fahamu zinavukana kwa namna isiyo ya kawaida. Presha yao inaweza kuwa sawasawa kabisa. Lakini kukosa rangi hakuwapi kinga pia: majimaji yao yanapita kwenye pembe ileile na chujio lilelile, na anayeweza kupata glakoma uzeeni anaipata.

Kwa hiyo wazee wangu wawili walikuwa wanagombania kitambaa cha nje. Rangi ambayo kweli inaweza kumpa mtu glakoma hutoka kwenye bitana.

Kila aliyelelewa na mwanamke wa pwani au wa Ujiji anajua kwamba kanga mpya inachuja. Usipoiloweka peke yake, itapaka rangi kila nguo iliyo kwenye beseni. Kuna macho ambayo bitana yake inachuja. Airisi ya mtu huyo, badala ya kulala tambarare au kutuna kidogo kuja mbele, imebonyea kurudi nyuma kama tanga lililopigwa na upepo kutoka mbele. Nyuma yake ipo lenzi, imening'inizwa kwa nyuzi nyembamba pande zote. Bitana inagusa nyuzi hizo. Mboni inapanuka gizani na kubana juani, mara elfu na elfu kila siku, na kila mara bitana inasuguliwa. Chembe za rangi zinabanduka, zinaelea kwenye majimaji, na mkondo unazibeba mpaka kwenye chujio.

Njiani zinaacha alama. Mwaka 1899 daktari Mjerumani aitwaye Friedrich Krukenberg alieleza mstari wa rangi uliosimama wima nyuma ya kornea, mnene katikati na mwembamba kwenye ncha. Ni chembe zilizogandishwa hapo na mzunguko wa majimaji, na mstari huo bado una jina lake. Ilipita nusu karne kabla ya kuunganishwa na presha: mwaka 1949, Marekani, Sugar na Barbour walieleza vijana wa kiume wenye glakoma iliyoambatana na rangi kutawanyika ndani ya jicho. Mwaka 1979 mtafiti Campbell akaleta maelezo ya kusuguana na nyuzi, akionyesha kwamba mistari iliyokwanguliwa kwenye bitana inalingana na mahali nyuzi zinapopita.

Watu wengi wakisikia hivyo hupata picha ya mtaro uliojaa takataka. Nami niliipata. Mambo ni mabaya kuliko hapo. Chujio la jicho ni hai, nyuzi zake zimefunikwa na seli ambazo kazi yake mojawapo ni kumeza uchafu unaopita. Chembe zikija chache, seli zinameza na maisha yanaendelea. Zikija kwa mafuriko mwaka baada ya mwaka, seli zinavimbiwa, zinajibandua na kufa. Nyuzi zilizobaki uchi zinagandana. Hata kanga ikiacha kuchuja, chujio lililopoteza wafanyakazi wake halirudi kama zamani.

Si kila anayechuja anafika huko. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, wenye hali hiyo walifuatiliwa: baada ya miaka 5 waliopata glakoma au presha ya kuhitaji dawa walikuwa 10 kati ya 100, na baada ya miaka 15 walikuwa 15. Umri wenyewe husaidia, jambo la nadra katika mambo ya afya: lenzi inanenepa, mboni inasinyaa, airisi inanyanyuka kutoka kwenye nyuzi na msuguano unapungua.

Na ni nani hasa wanaochuja? Mara nyingi ni wanaume wenye miaka 20 hadi 40 hivi, wasioona mbali, wenye asili ya Ulaya. Wengine presha huwapanda baada ya mazoezi ya kurukaruka, kwa kuwa mtikisiko unamwaga chembe nyingi kwa pamoja. Kwa Waafrika hali hii ni ya nadra, na maelezo yanayotolewa ni kwamba airisi yetu ni nene na nzito, haibonyei kirahisi kama kitambaa chepesi.

Hapo mjomba anachukua pointi yake moja. Ile glakoma ya rangi, yenye rangi mpaka kwenye jina, kweli ni ya macho ya paka zaidi kuliko yetu. Lakini asiinuke bado. Daktari huitambua kwa kupitisha mwanga kwenye mboni na kuona michirizi inayong'aa pale bitana ilipokwanguliwa. Kwenye airisi nene ya kahawia mwanga haupenyi, michirizi imejificha nyuma ya kitambaa kizito. Kwa hiyo mtu mweusi mwenye tatizo hilo anaweza kupimwa na kuambiwa hana kitu, mpaka atokee daktari mwenye subira amwekee jichoni kile kioo maalumu cha kuangalia pembe na kuliona chujio limepakwa masizi.

Sasa zamu ya mzee wa reli. Madai yake kwamba wenye macho meusi wanaugua zaidi yana ushahidi mzito. Uchunguzi wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 1991, ulikuta glakoma ya pembe iliyo wazi, ambayo ndiyo ya kawaida kwetu, ikiwapata Wamarekani weusi mara 4 hadi 5 kuliko weupe. Barbados walikuta 7 kati ya 100 ya watu weusi waliopita miaka 40. Mzee aliposikia hivyo akampiga mjomba jicho la ushindi.

Nikamuuliza kwa lugha ya kazi yake. Treni ikiingia Kigoma kutoka Tabora, wakashuka watu wawili behewa moja, mlango mmoja, je, lazima wawe ndugu? Akasema si lazima, mmoja anaweza kuwa amepandia Urambo na mwenzake Kaliua. Basi rangi ya jicho na glakoma ni abiria wa namna hiyo. Wamesafiri katika ukoo mmoja, ukiona mmoja unamwona na mwingine, lakini tiketi zao ni mbalimbali.

Ushahidi wa tiketi hizo uko hapahapa nchini. Kongwa, mkoani Dodoma, watu walipimwa kijiji kwa kijiji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha glakoma za aina zote kwa watu kama 4 kati ya 100 wenye miaka 40 na zaidi. Tema, nchini Ghana, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta karibu 7. Weka Mgogo na Mghana mbele ya kioo: macho yote ni ya kahawia nzito. Ingekuwa rangi ndiyo inayoziba, hesabu zingefanana.

Nenda mbali zaidi. Wajapani nao wana macho meusi. Katika mji wa Tajimi, watafiti waliochapisha mwaka 2004 walikuta wengi mno wa wagonjwa wao wa glakoma ya pembe iliyo wazi wana presha ya 21 au chini yake, yaani mshipa unakufa huku kipimo kinasema salama. Mongolia na China, macho meusi vilevile, glakoma inayowasumbua sana ni ile ya pembe kufungika: airisi inasogea mbele na kuziba mlango wa chujio, hakuna masizi wala nini. Macho meusi matatu, magonjwa matatu. Kinachotofautiana ni umbo la pembe, uimara wa mshipa na jeni za ukoo.

Kwa watu wenye asili ya Afrika kuna jambo jingine ambalo ningependa lizungumzwe zaidi kuliko rangi: kornea zetu kwa wastani ni nyembamba. Mashine ya kupima presha inabonyeza au inapuliza kioo hicho cha mbele, na kioo chembamba kinabonyea upesi, kwa hiyo namba inasomeka ndogo kuliko presha halisi. Mtu anatoka na karatasi imeandikwa 19, anafurahi. Ndiyo maana kupima presha bila kuutazama mshipa wa fahamu ni kupima nusu.

Hata hivyo sitaki kumfungia mzee wa reli mlango wote. Uchunguzi wa Blue Mountains, Australia, mwaka 2003 ulikuta presha ikiwa juu kidogo kwa wenye airisi nyeusi kuliko wenye za samawati, japo wote walikuwa watu wa jamii moja. Mwaka huohuo watafiti wa panya walionyesha kwamba kimeng'enya cha tirosinesi, kinachoanzisha utengenezaji wa melanini, kina mkono pia katika ujenzi wa njia ya kutolea majimaji jicho linapoumbwa. Panya waliokikosa, wakiwa na hitilafu nyingine ya jeni, njia zao ziliharibika zaidi. Yaani kiwanda cha rangi kinaweza kuwa na udugu na fundi wa mifereji. Kuna panya wengine wa maabara, ukoo uitwao DBA/2J, ambao jeni mbili mbovu za vifuko vya rangi zinafanya airisi yao imomonyoke, rangi imwagike na presha ipande. Na mwaka 2019 hitilafu za jeni nyingine ya vifuko hivyo, PMEL, zilipatikana kwa binadamu wanaochuja. Angalia lakini: shida hapo ni vifuko vinavyovuja, wala si wingi wa rangi. Debe lenye tundu linamwaga mawese hata likiwa nusu.

Kahawa ya pili ilipofika wakaanza kuangaliana machoni, na hapo nikapewa maswali ambayo sikuyatarajia. Mjomba ana madoa ya kahawia kwenye weupe wa jicho. Je, hiyo ndiyo rangi iliyochuja? Hapana. Madoa hayo ni ya kawaida kwa watu weusi, yako nje, kwenye ngozi laini inayofunika weupe, na hayana njia ya kufika kwenye chujio. Doa likianza kukua au kuvimba mwonyeshe daktari kwa sababu nyingine, lakini si hii. Mzee wa reli naye ana pete ya kijivu inayozunguka airisi, na wajukuu wanamwambia macho yake yanageuka ya Kizungu. Ile ni mafuta yaliyojikusanya pembezoni mwa kornea kwa uzee. Rangi yake iko palepale nyuma ya pete. Na karabai, ambayo familia nzima imeilaumu kwa macho ya mjomba? Mwanga wake haupandishi presha ya jicho.

Pale ambapo rangi ya jicho ina kauli ya moja kwa moja ni kwenye matibabu, na hapa ndipo ningependa watu wabishane zaidi. Melanini inanyonya dawa. Tone linaloingia kwenye jicho jeusi, sehemu yake hukamatwa na rangi kabla ya kufika kazini, kisha huachiliwa polepole. Kwenye benchi la kliniki utaliona hilo kwa macho yako: ukitiwa dawa ya kutanua mboni, mwenye macho mepesi ameshaitwa ndani, wewe unatiwa tone la pili. Pilokapini, dawa kongwe ya glakoma, ilibidi iwe kali zaidi kwa macho meusi. Latanoprosti, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, ina kituko chake: inaiamsha airisi itengeneze melanini zaidi, na macho ya kijani yenye kahawia yanaweza kugeuka kahawia moja kwa moja. Kwetu mabadiliko hayo hayaonekani. Kinachoonekana ni kope kurefuka, na sijawahi kusikia mwanamke akilalamikia hilo.

Halafu kuna leza. Mwaka 1995 Latina na Park walieleza leza ya mwanga wa kijani inayopiga kwa kitambo cha sekunde fupi mno, kiasi kwamba inayonyonya joto ni seli yenye rangi peke yake, jirani zake hawaungui. Inaelekezwa kwenye chujio. Seli zenye melanini zinashtuka, usafi unafanyika upya, majimaji yanapita vizuri zaidi. Leza hiyo haina pa kushika pasipo rangi. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ililinganishwa na matone ya timololi kwa wagonjwa Watanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, macho 61 kati ya 100 yaliyopigwa leza yalikuwa yamefikia lengo, dhidi ya 31 ya timololi. Unaweza kukisia sababu moja. Leza haisahauliwi nyumbani, haiishi dukani, haihitaji nauli kila mwezi. Ila kwa yule anayechuja, aliyejaa masizi, daktari hupunguza nguvu, kwa sababu chujio lenye rangi nyingi mno linaweza kupandisha presha ghafla baada ya kupigwa.

Mjomba alikubali kwenda hatimaye, kwa sharti kwamba mzee wa reli naye apimwe. Mzee alikutwa na mtoto wa jicho, presha yake njema. Mjomba alisoma 29 kushoto na 23 kulia, na daktari alikaa muda mrefu akiangalia nyuma ya macho yote mawili. Hakuuliza rangi wala karabai. Aliuliza mama yake aliona mpaka lini. Mjomba akakumbuka kwamba bibi alishikwa mkono miaka kumi kabla hajafa, na sote tulidhani ni uzee.

Akaambiwa awalete ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa hatari yao ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu wa kando. Wako saba, kuanzia Uvinza mpaka Urambo. Jana usiku alikuwa na namba za simu za watano, na alianza na dada yake mkubwa.

"Shikamoo dada. Hebu ziba jicho moja, uniambie unaona nini pembeni."